Mwizi Hana Jinsia Mpaka Ashikwe

Ungemwona Sajini kwa mbali akishuka ile njia ya Mbooni, ungedhani ni mwanamume anayekwenda kudai haki yake. Hatua ndefu, mikono nyuma, kichwa mbele. Akikaribia unaona kumbe ni mama, tena mama mwenye mashavu laini na macho ya upole. Halafu anafungua mdomo kukusalimu na unachanganyikiwa upya, kwa sababu sauti yake ilikuwa nzito kushinda ya wazee wengi wa kanisa. Alijua hayo yote na hakujali. Ama tuseme alijifanya hajali. Mimi ndiye niliyemshonea sare zake miaka nenda miaka rudi, na mtu akisimama mbele ya fundi apimwe, mengi anayojifanya hubaki nje ya mlango.

Kibanda changu cha cherehani kilikuwa katika soko moja dogo juu ya Kikima, kikitazamana na kituo cha polisi. Kwa hiyo usiniulize nilijuaje haya. Mlango wao ulikuwa wazi na mimi nina masikio.

Sajini alikaa pale mezani pa ripoti, na kila aliyeingia alimwuliza jina, kijiji, na halafu: "Jinsia?" Alimwuliza mzee mwenye ndevu mpaka kifuani. Alimwuliza mama mjamzito wa kujifungua kesho. Watu walicheka, wengine walikasirika. Mzee mmoja alimwambia, "Kwani wewe huna macho?" Akajibu bila kuinua kichwa, "Macho yangu si ushahidi, mzee. Jinsia?" Mzee akasema ni mwanamume, tena kwa hasira, kama mtu aliyelazimishwa kuapa.

Sababu alikuwa nayo. Alisema Kikamba chetu na hiki Kiswahili ni lugha za heshima, mtu kwanza ni mtu. Alikuja, akaingia jikoni, akachukua sufuria, akaenda. Nani? Yeye. Basi. Lakini konstebo akigeuza maneno hayo kwa Kiingereza, Kiingereza hakina subira, kinataka kujua papo hapo kama ni dume au jike. Konstebo hajui, hajauliza, anaandika dume. "Kwa hiyo wezi wote wa tarafa hii ni wanaume," Sajini alisema, "na kosa lao kubwa ni kwamba waliibiwa sarufi."

Ilitokea kweli. Mama mmoja wa mlima wa pili aliibiwa kuku, akaja akasema mwizi alipita kwa mgomba na kutokomea. Konstebo akaandika mwanamume. Wee! Wanaume wa kijiji kile walisimamishwa njiani wakanuswa mashati kama yana manyoya. Mkwe wa yule mama alilala seli kwa sababu alikuwa na jogoo ambaye hakuweza kueleza alikomtoa. Mwishowe ikajulikana mwizi ni rafiki ya yule mama, wanaimba naye kwaya moja, sauti ya kwanza. Siku hiyo ndipo Sajini alipotoa lile neno lake ambalo watu wa soko walilifanya methali: mwizi hana jinsia mpaka ashikwe.

Usidhani ilikuwa mzaha. Kituo kile hakikuwa na seli ya wanawake. Mwanamke akikamatwa alilazwa stoo, kati ya mapipa na baiskeli zilizokamatwa. Sajini aliomba seli ijengwe, na kila mara jibu kutoka juu lilikuwa kwamba ripoti za mwezi zinaonyesha huko kwenu wanawake hawakosei. Siku moja baada ya jibu hilo alikuja kwangu na kifungo kimekatika, akaniambia, "Mtu akiandikwa vibaya hapa, huko mbele atalazwa vibaya." Nikamshonea kifungo.

Lakini msimamo wake ulikuwa na ufa, na mimi niliupenda ule ufa. Siku moja ya soko wakamleta mtu aliyekuwa akiuza maharagwe, mtu wa kutoka upande wa Mwingi, amevaa rinda na kilemba, ameshikwa kwa ugomvi wa mizani. Makonstebo walipompapasa wakaanza kuangua kicheko, wakaitana waje waone, mmoja akasema avuliwe nguo ijulikane. Sajini alisimama. Akawafukuza wote, akafunga mlango, na mlango ule sikuwahi kuuona umefungwa mchana. Baadaye nilipeleka chai nikamkuta ameketi na yule mtu, wanazungumza bei ya maharagwe. Alimwuliza, "Nikuandike nani?" Yule mtu akalia kwanza, ndipo akajibu, jina lake tu. Sajini, mwanamke wa kujaza visanduku vya fomu, alikiacha kisanduku cha jinsia kitupu. Wakamkemea kutoka juu kwamba kisanduku hakiwezi kuwa kitupu. Akawaambia, "Basi njooni mjaze nyinyi, mkiwa na uso wa kumwuliza." Hawakuja.

Niliwahi kumwuliza kwa nini alimsumbua yule mwenye ndevu na huyu wa maharagwe akamsitiri. Akasema, "Mwenye ndevu hakuwa na cha kupoteza." Ndivyo alivyokuwa akijibu. Ukitaka zaidi ya hapo, ujiongeze.

Waume waliopiga wake zao hakuwa na huruma nao hata chembe. Aliwasimamisha nje, ukingoni mwa barabara, mpaka soko zima liwaone, na kila mama aliyepita na kikapu aliruhusiwa kusema neno moja. Moja tu. Wengine walifikiria neno lao tangu asubuhi. Mimi nilikuwa na langu, lakini si la kuandika hapa.

Sasa niseme habari ya upweke wake, maana nimekuwa nikizunguka.

Sajini hakuolewa na hakuzaa. Alikuwa na nyumba yake juu kabisa, miparachichi nyuma, na njia ya kufika huko ni mwinuko mpaka boda boda wanakushusha katikati wakuambie malizia na miguu. Kanisani kina mama wana siku yao na kina baba wana siku yao. Kina mama walimwambia kwa upole kwamba mazungumzo yao ni ya mabwana na watoto, atachoka bure. Kina baba, hilo hata halikufikiriwa. Basi alikaa benchi la nyuma karibu na mlango, kama mtu aliyekuja kutoa tangazo la mbuzi aliyepotea. Wakisema geukeni mpeane amani, yeye alimpa amani mlinzi.

Alipika ugali wa watu wawili. Alisema chakula cha mtu mmoja hakina mpishi, sufuria yenyewe inakataa. Wa pili ulikwenda kwa mbwa. Na kuna siku nilipanda kwake kumpelekea sweta, nikasimama mlangoni kabla sijabisha. Redioni mtangazaji akasema habari za jioni. Sajini akajibu, "Nzuri." Mtangazaji akaendelea na mambo yake. Woi, nilisikia vibaya. Nilirudi nyuma kidogo, nikakohoa kwa nguvu, ndipo nikabisha.

Alipostaafu, akaoa.

Ndiyo, akaoa. Wewe usiye Mkamba usishtuke. Kwetu mwanamke asiye na mtoto anaweza kumposa msichana kwa wazazi wake, kwa mila yote, na huyo msichana anaitwa iweto. Watoto atakaozaa ni wa boma la yule mama aliyemwoa, na mwanamume aliyewazaa hana neno. Usiniletee mambo ya mitandao. Hii ni habari ya boma lisizime moto, na ilikuwako kabla ya bibi yangu. Watu wa kanisa wanaijua na wanaichukia. Mchungaji hakumtaja jina, alihubiri tu juu ya "wale", na shingo zote zikageuka kutazama benchi la nyuma. Jumapili iliyofuata benchi lilikuwa tupu.

Nilikwenda naye Kitui kuposa. Ulikuwa mwaka wa kiangazi, upande ule hata miiba imekauka. Wazee wameketi, mmoja akauliza, "Bwana harusi mmemwacha wapi?"

"Ndiye mimi," Sajini akasema.

Dereva wetu akacheka peke yake, akanyamaza peke yake. Yule mzee akamwambia Sajini, "Basi njoo uketi huku kwa wanaume." Mimi nikabaki na kina mama. Nilimwona akiketi pale, mgongo umenyooka, akimiminiwa uji katika kibuyu. Katika miaka yote niliyomjua, hapo ndipo nilipomwona ameketi mahali pake.

Mkewe alikuwa msichana mchangamfu, mwenye kucheka haraka na kununa haraka. Wakakaa vizuri. Akazaa mtoto wa kike, na sikuwahi kuona mtu mzima akipumbazika vile. Sajini alimbeba mabegani mpaka sokoni, akamsimamisha juu ya meza yangu nimpime gauni. Yule mtoto hakumwita baba wala susu, yaani bibi, alimwita Sajini kama sisi sote. Nilimwuliza kama inamuuma. Akasema, "Mradi aniite."

Lakini mke hakuwa na umri wa kukaa mlimani akichambua maharagwe na mtu wa kwenda kulala saa mbili. Alitaka kuteremka mji wa Salama, kwenye barabara kuu, afungue kibanda cha chai na chapati, aone magari na watu. Sajini alikataa. Nadhani hakukataa kibanda, alikataa nyumba kurudi kimya. Hakusema hivyo, ndiyo shida yake. Alisema tu hapana, kwa sauti ile ya mezani pa ripoti. Mke akamwambia asubuhi moja mtoto akisikia, "Wewe si mume wangu. Wewe ni mama mzee aliyenunua watu wa kumsikiliza."

Sajini akampiga kofi. Mke akajikwaa kwenye jiko, mdomo ukapasuka.

Simtetei. Kofi ni kofi, na mkono uliolitoa ndio ule uliowasimamisha wanaume ukingoni mwa barabara. Nilimwambia hivyo baadaye na akasema kweli. Nasema tu yaliyotokea.

Mke aliteremka na damu kwenye leso, mtoto mgongoni, akaingia kituoni. Konstebo mgeni, kijana wa kutoka pande za ziwa, akamwuliza nani amekupiga. Na yule mke, ambaye kule juu alikuwa amesema wewe si mume wangu, hapa chini akasema, "Mume wangu." Neno lingine hakuwa nalo. Konstebo akaandika: mume, mwanamume, mtu mzima.

Sajini alishuka mwenyewe, hakungoja kuitwa. Nikaacha cherehani nikaingia naye. Konstebo akamwangalia, akaangalia nyuma yake.

"Mama, sisi tunatafuta bwana ya huyu."

"Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Ni mimi bwana yake."

Kijana akatafuta mtu wa kucheka naye, akakosa. Akaenda kumwita mkuu wa kituo. Mkuu alikuwa mtu mzuri, alimfahamu Sajini tangu akiwa kazini, na alitaka kumaliza maneno bila aibu. Akatupeleka ndani, sisi na mke na mtoto.

"Sajini, nisaidie nikusaidie," akasema. "Hapa kijana ameandika M. Hilo ni kosa, tunalirekebisha, wewe ni F. Kina mama wawili wamekosana, mnaenda kwa chifu, mnakunywa chai. Imeisha."

"Andika F," Sajini akasema. "Halafu andika mume. Halafu andika kwamba amempiga mke wake. Ndivyo ilivyokuwa."

"Haiwezekani. Mume ni M. Ukiwa F unaweza kuwa mama yake, dada yake, mwajiri, jirani. Chagua moja hapo."

"Nikiwa jirani, huyu mtoto ni wa nani?"

Hapo nilielewa Sajini alichokuwa akipigania. Kukubali kosa kulikuwa rahisi kwake, alikuja amelikubali. Lakini akisema kwa mdomo wake mbele ya serikali kwamba yeye ni jirani, basi kule Kitui hakuposa, yule msichana hakuwa mke, na yule mtoto aliyelala mgongoni pale alikuwa mtoto wa watu tu aliyepita kwake. Ni afadhali afungwe akiwa mume kuliko arudi nyumbani akiwa jirani. Aliomba afungwe, hebu fikiria. Na kisanduku hakikuwa na nafasi ya mtu kama yeye kukosea.

Mkuu akachoka, akamgeukia mke. "Wewe ndiye mlalamishi. Huyu ni nani yako?"

Mke alitazama sakafu. Alimtazama Sajini. Mtoto akaamka akaanza kulialia.

"Ni jirani tu," akasema.

Mpaka leo sijui kama alimwokoa au alimzika. Siku nyingine nikiwa nashona naona alimwonea huruma, hakutaka alale seli. Siku nyingine naona alijua hasa pa kupiga, na alirudisha kofi lake. Labda hata yeye hajui. Sajini alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Akasema, "Sawa," akatoka, na wala hakuweka mikono nyuma kama kawaida yake, ilining'inia tu.

Mke aliteremka Salama juma hilo hilo. Nikipita huko nilinunua chai kwake. Kibanda kilifanya vizuri, mtoto alianza shule, na baadaye mke akapata mwanamume, fundi wa pancha, mtu mpole. Nikirudi mlimani Sajini hakuniuliza chochote. Aliuliza tu, "Salama kuna joto?" Nikasema kuna joto. Akatikisa kichwa kana kwamba nimemweleza mengi.

Mara ya mwisho nilipanda kwake ilikuwa majuzi, mvua imekatika, njia bado inateleza. Katikati ya mwinuko nikapishana na wazee wawili nisiowafahamu, viatu vimejaa udongo mwekundu, wakisaidiana kushuka. Walinisalimu kwa Kikamba cha Kitui. Nilipofika nikamkuta Sajini amesimama uani, ameshika kamba, na mwisho wa kamba kuna mbuzi.

Nikajua bila kuambiwa. Kwetu mke akimkataa mume, watu wake huleta mbuzi mmoja, mbui ya ulee tunamwita, mbuzi wa kukataa. Bila huyo mbuzi ndoa haijavunjika, hata waishi mbali vipi. Yule fundi wa pancha alitaka kuoa kwa heshima, na wazee wa Kitui wakamwambia hawezi, binti yetu ana mume Mbooni.

"Ungekataa kumpokea," nikamwambia. Maana angeweza. Angemrudisha mbuzi, na yule msichana angebaki mke wake kwa mila, na mtoto wa boma lake, mpaka mmoja wao afe.

"Nilifikiria," akasema. "Wazee walimaliza chai yote nikifikiria." Alikuwa amezeeka, sauti imepungua uzito. "Mtoto anaenda na mamake. Tumekubaliana. Huko ana baba wa kumwita baba."

Tukakaa kwenye benchi. Mbuzi akaanza kula majani ya viazi na hakuna aliyemfukuza.

"Unajua," akasema, "serikali iliandika sijawahi kuwa na mke. Na wazee wale wamepanda mlima huu na miguu yao mibovu kuja kuniambia nimeachwa." Akajaribu kucheka. Badala yake Sajini akalia, mbele yangu, bila kujificha, na mimi nililia naye kwa sababu sikuweza kuvumilia.

Alipotulia nikamshika mkono kama tunavyowashika wanaume wakipatwa na jambo hilo. Nikamwambia, "Pole, Sajini. Pole kwa kuachwa na mke."

Akanitazama. Akaketi wima.

"Asante," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza kunipa pole."